Misa, Misheni na Mtumwa Aliyetumwa

Kila Jumapili hapa Kitangari mambo huisha kwa namna ileile. Baraka ikishatolewa, shemasi au padri hutuambia twende kwa amani, nasi tunamshukuru Mungu. Wengine wetu, tukiri, huwa tumeshaanza kukusanya kanga, vitabu na watoto kabla hajamaliza kusema. Kuna korosho za kuokota, kuna maji ya kwenda kuteka, kuna wageni nyumbani. Yale maneno ya mwisho tunayachukua kama kengele ya shule: kipindi kimekwisha.

Katika insha hii tunataka kuyarudia maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yaliyoipa Misa jina lake. Tukilifuata jina hilo mpaka kwenye shina lake, tutakuta kitenzi kimoja cha Kilatini ambacho kimesafiri mbali kuliko sisi sote. Njiani tutakutana pia na jambo moja la nyumbani kwetu ambalo kwa muda mrefu tumelisema kwa sauti ya chini.

Kitenzi chenyewe ni mittere. Warumi wa kale walikitumia kwa maana ya kuachilia kitu kiende: kutuma mjumbe, kupeleka barua, kurusha mkuki. Hata tabibu aliyemtoa mgonjwa damu, walisema "anaituma" damu. Kitenzi hiki kina shina la pili, miss-, linalotokea jambo likiwa limekwisha kutendeka: missus ni aliyetumwa, missa ni iliyotumwa au iliyoachiliwa, missio ni kule kutuma au kuachilia. Askari wa Kirumi aliyemaliza miaka yake ya utumishi kwa heshima alipewa honesta missio, yaani ruhusa ya heshima ya kuondoka jeshini.

Kutoka hapo si vigumu kuona Misa ilikotokea. Mwishoni mwa ibada ya Kilatini shemasi alitamka maneno matatu: Ite, missa est. Ite maana yake ni nendeni. Missa est ilikuwa namna ya kutangaza kwamba kusanyiko limeruhusiwa kuondoka. Katika karne ya 4 tunakuta Wakristo wakiliita missa tendo hilo la kuwaaga watu kanisani. Kulikuwa na kuagwa kwa aina mbili. Kwanza walitolewa wale waliokuwa bado wanafundishwa na hawajabatizwa. Baadaye, mwishoni kabisa, waliagwa waumini wote. Askofu Isidori wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, alipoeleza jina la Misa alikumbuka ile mara ya kwanza: wanafunzi wa dini wanatumwa nje ili sadaka ianze. Polepole jina la kuondoka likawa jina la ibada nzima. Wafaransa wakasema messe, Waitalia messa, Wahispania misa, Wareno missa, Wajerumani Messe, nasi tukasema Misa.

Hapa inafaa tuwe wakweli. Mara nyingi tumesikia mahubiri yanayosema kwamba Ite, missa est lilikuwa agizo la kwenda kuhubiri ulimwenguni. Ni fundisho zuri, na Kanisa lina haki ya kulifundisha. Lakini yule shemasi wa kwanza aliyeyatamka hakuwa na fahari hiyo yote. Alikuwa akiwaambia watu kwamba sasa wanaweza kuondoka. Maana ya kutumwa ilikuwa imelala ndani ya neno kama mbegu iliyo ghalani, na ilichukua karne nyingi kuamka. Hatuoni kwamba jambo hili linaipunguzia Misa utukufu. Mungu amezoea kutumia maneno ya kawaida.

Tusichanganye Misa na meza. Tunasema "meza ya Bwana", na masikio yetu yanaweza kudhani maneno hayo ni ndugu, lakini sivyo. Meza ilitujia kutoka Kireno, mesa, ambalo asili yake ni Kilatini mensa. Wareno waliokuwa katika pwani yetu tangu mwaka 1498 walituachia meza, leso na mvinyo.

Sasa tuone kitenzi chenyewe kilipata nini Warumi walipotawanyika na Kilatini chao kikazaa lugha nyingine. Hapa kuna jambo la kushangaza: watoto wa mittere karibu wote waliacha kazi ya kutuma. Kifaransa kina mettre, Kiitalia mettere, Kikatalani metre, Kihispania na Kireno meter. Maana yake ni kuweka au kutia: kutia chumvi katika mboga, kuweka mkono mfukoni, kuvaa nguo. Ni Kiromania kilichobaki na maana ya kale katika a trimite, kutuma, nalo limetoka katika neno lililounganishwa, transmittere, kutuma ng'ambo.

Je, kutuma kunawezaje kugeuka kuwa kuweka? Tusiende mbali, tuwasikilize vijana wetu. Kijana akimwona mwenzake amevaa suti siku ya arusi husema, "Leo ametupia!" Hakuna aliyeirusha ile suti. Mpishi naye akisema, "Tupia chumvi kidogo," hatuogopi kwamba chumvi itaruka hadi uani. Kutupa kumepungua nguvu kukawa kutia. Ndivyo ilivyokuwa kwa mittere. Kutuma kitu ndani ya kitu, kurusha kitu ndani ya kitu, kukawa kutia tu. Kitenzi kilichokuwa kikitembea barabarani kikaingia jikoni kikakaa.

Mabadiliko hayo yanaonekana ndani ya Biblia ya Kilatini. Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, Bwana mfufuka anawaambia wanafunzi kwamba kama Baba alivyomtuma, yeye naye anawatuma. Kilatini hapo kinatumia misit na mitto, vyote vya kitenzi hiki. Mistari minne tu baadaye Tomaso anasema hataamini asipotia kidole mahali pa misumari na mkono katika ubavu. Kilatini kinasema mittam, kitenzi kilekile. Kigiriki cha Yohana kina vitenzi vitatu tofauti katika mistari hiyo, na Biblia yetu ya Kiswahili nayo inatenganisha: kutuma, kupeleka, kutia. Mkristo wa Kilatini peke yake ndiye aliyesikia neno moja likirudi: Kristo anatuma, na Tomaso anataka kutia mkono. Tutakumbuka jambo hili mwishoni.

Kutoka shina hilohilo la miss- tumepata neno jingine tunalolijua sana: misheni. Lilitufikia kwa njia ya Kiingereza, na maana yake ya asili ni kutumwa. Lakini muulize mtu wa kwetu misheni ni nini. Atanyoosha kidole. Misheni ni pale: kanisa la mawe au matofali, miembe mikubwa, nyumba ya padri, shule, zahanati. Tunasema "amezaliwa misheni", "anakaa misheni", "twende misheni". Bila kufundishwa Kifaransa wala Kireno, tumelifanyia neno hili jambo lilelile ambalo watoto wa Kilatini walilifanyia mittere. Kutuma kumekuwa kuweka. Safari imekuwa mahali.

Neno hili lilianza kwetu kama safari. Mwaka 1857 Dakt. David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, na kutokana na wito wake ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa ajili ya Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake, UMCA. Baada ya majaribio magumu katika nchi ya Shire, Askofu Tozer aliihamishia Unguja mwaka 1864. Huko iliwapokea watoto na watu wazima waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa palepale sokoni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka pwani ya Lindi na kundi la watu zaidi ya 50 waliokuwa watumwa, wengi wao wakiwa asili yao ni bara, kwa nia ya kuwarudisha upande wa kwao karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, waliona ardhi ni nzuri, wakakaa. Hivyo ndivyo misheni ya Masasi ilivyoanza. Wakristo wa kwanza wa nchi hii ya kwetu walikuwa watu waliowahi kuuzwa.

Tunalisema hili polepole, kwa sababu ndilo lile jambo la sauti ya chini. Katika koo zetu mtu anaweza kutaja babu aliyekuwa jumbe, fundi au mwindaji. Aliyekuwa mtumwa hatajwi. Neno mtumwa bado ni tusi. Likitamkwa katika ugomvi, ugomvi huwa mkubwa zaidi. Utumwa katika Tanganyika uliondolewa kwa sheria mwaka 1922 tu, kwa hiyo si jambo la kale sana.

Lakini tulitazame neno letu wenyewe. Mtumwa limetoka katika kitenzi tuma. Ni anayetumwa. Tuma ni neno la Kibantu la zamani. Waganda wanasema okutuma, Washona wanasema kutuma, Wazulu wana thuma. Kutokana na kitenzi hichohicho tumepata mtume, utume, mtumishi na utumishi. Mtumwa na mtume wametoka katika tumbo moja. Tofauti yao iko mwishoni mwa neno, lakini hasa iko kwa anayetuma. Mtumwa anatumwa na mtu aliyemnunua, hata akirudi hana kwake. Mtume anatumwa na Bwana aliyemkomboa.

Na Kilatini nacho kina siri ya namna hiyo. Tendo la kumwacha mtumwa huru Warumi waliliita manumissio: manus ni mkono, na mittere ni kuachilia. Bwana alimwachilia mtumwa kutoka mkononi mwake. Kwa hiyo kitenzi kilichotupa Misa na misheni ndicho pia kilichowapa Warumi neno la kumweka mtumwa huru. Askofu Steere na kundi lake walipokuwa wakipanda kutoka Lindi, maneno hayo matatu yalikuwa yakitembea pamoja njiani: watu walioachiliwa, wametumwa, wanakwenda kuabudu.

Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku kwetu waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Kijiji kikavunjwa, watu wakauawa na wengine wakatekwa. Hebu tufikirie mtu aliyechukuliwa utumwani mara ya kwanza, akakombolewa baharini, akabatizwa, akajenga nyumba Masasi, kisha akafungwa kamba mara ya pili. Padri Chauncy Maples na waliobaki walihamia Newala, kwa jumbe Matola. Hivyo Injili ilipanda juu ya uwanda wa Wamakonde ikiwa imejeruhiwa.

Miaka minne baada ya hapo, mwaka 1886, alifika hapa kwetu shemasi mmoja. Katika maandishi ya wamisionari mahali hapa huandikwa Chitangali, kwa kuwa Chi- ya Kiyao na ya Kimakonde ndiyo Ki- ya Kiswahili. Jina lake lilikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao kwa asili, na utotoni alikuwa mtumwa. Baada ya kukombolewa alisoma katika chuo cha Kiungani, Unguja, kisha akapelekwa Uingereza katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Aliporudi alitumwa Kitangari kwa watu wa jumbe Nakaam, naye Nakaam akabatizwa kwa jina la Barnaba. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa Majaliwa daraja ya ukasisi huko Unguja. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa daraja hiyo. Akarudi Kitangari na kuendelea na kazi mpaka mwaka 1897, aliporejea Unguja. Jumla ni miaka 11.

Tukumbuke maana yake. Kasisi Mwafrika wa kwanza wa misheni ile hakuwekwa mjini, karibu na kanisa kuu na bandari. Alihudumu hapa, katika mabonde na miinuko hii tunayoilima. Mikono iliyoinua mkate na kikombe mbele ya wazee wetu ilikuwa mikono ya mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu. Na aliposoma kwamba Baba alimtuma Mwana, na Mwana anawatuma wake, wasikilizaji wake hawakuhitaji maelezo marefu ya neno kutumwa. Walilijua kwa upande wake mchungu. Yeye alikuwa ushahidi wa upande mwingine.

Jambo jingine la kutazama ni lugha. Ndugu zetu Wakatoliki wa Ndanda, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza kazi mwaka 1906, waliendelea kuadhimisha Misa kwa Kilatini mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango mwaka 1963. Sisi wa UMCA hatukupitia huko. Askofu Steere na wenzake walitafsiri sala na Maandiko kwa Kiswahili tangu mapema. Hata hivyo neno la Kilatini tumebaki nalo. Uingereza yenyewe ilikuwa na mgogoro juu yake: Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 kilitaja jina la Misa, kile cha 1552 kikaliondoa, na karne ya 19 Waanglikana waliopenda mapokeo ya kale wakalirudisha midomoni. Wamisionari wetu walikuwa wa kundi hilo. Leo Mwanglikana wa Newala na Mkatoliki wa Ndanda hawashiriki meza moja, lakini wote Jumapili asubuhi husema, "Tunakwenda Misa." Neno moja limevuka ukuta ambao sisi wenyewe hatujauvuka.

Na kitenzi hiki bado kinafanya kazi hata mahali tusipokitazamia. Kamati ni mjukuu wake, kupitia Kiingereza: Kilatini committere ni kumkabidhi mtu jambo. Kamishna ni ndugu wa kamati. Kwa hiyo kamati ya misheni ikikutana baada ya Misa, mittere imeketi katika viti vitatu. Tusicheke tu. Wajumbe wa kamati ni watu waliokabidhiwa kitu na wengine. Pale kamati inapoanza kujiona ndiyo mwenye mali, imesahau jina lake.

Hapo ndipo tunapotaka kuishia. Tulisema kwamba misheni kwetu imekuwa mahali. Hatusemi kwamba mahali ni pabaya. Majengo haya yalifundisha watoto na kutibu wagonjwa, na jasho la wazee wetu liko katika kuta zake. Lakini misheni ikibaki kuwa mahali tu, tutakuwa walinzi wa bohari. Tutahesabu mabati na viti, tutagombana juu ya ufunguo, na vijana watakaokwenda Mtwara na Dar es Salaam kutafuta maisha tutasema wameondoka kanisani, wakati ambapo tungeweza kuwawekea mikono na kusema tumewatuma.

Lugha za watoto wa Kilatini zinatupa msaada hapa. Mittere ilipoacha kazi ya kutuma, kazi hiyo ilihitaji neno jingine. Wafaransa wakapata envoyer, Wahispania na Wareno enviar, yote kutoka katika neno la Kilatini cha baadaye lenye via, njia, ndani yake. Kutuma kwao kukawa kumtia mtu njiani. Basi kutuma na kutia havikuwa maadui. Unaweza kumtia mtu chumbani ukafunga mlango, na unaweza kumtia mtu njiani. Hata Tomaso alitaka kwanza kutia mkono katika majeraha. Naye alikuwa mmoja wa Mitume.

Jumapili ijayo, baraka ikishatolewa, tusiwahi kufunga kanga. Tungoje neno la mwisho. Aliyelitamka hapa Kitangari miaka ya 1890 alikuwa ameachiliwa kutoka mkono wa bwana mmoja na kutumwa na Bwana mwingine, na hatuoni sababu ya kuendelea kulificha jambo hilo. Watoto wakituuliza kanisa letu lilianzishwa na nani, tuwaambie ukweli: lilianzishwa na watumwa, na Mungu aliwafanya mitume. Kisha tuwaambie kwamba wao nao wanatumwa, tuwashike mkono, tutoke nao nje.